Waliorudi njiani si waoga

Makala inasema lile kundi lililokatiza safari ya kupanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Scotland, Jumamosi kwa sababu ya upepo na mvua limeshindwa. Jamani, hapana!

Naishi Glasgow. Oktoba iliyopita tulipanda mlima huohuo, watu tisa. Mita 1,345 ni kitu kidogo kwa anayeijua Kilimanjaro, lakini kule juu mvua inakupiga ubavuni na ukungu unafunga hadi humwoni aliye hatua kumi mbele yako. Dada mmoja alishindwa kufunga zipu ya koti lake, vidole vimekufa ganzi, ikabidi nimfungie mimi. Kiongozi wetu alipoona hivyo akasema tunarudi. Hakuna aliyebisha.

Ukungu ukikukuta kileleni, unatoka kwa dira: unafuata mwelekeo wa nyuzi 231 zilizopimwa kwenye ramani kwa mita 150, kisha nyuzi 282. Ukikosea kidogo tu, mbele yako ni korongo. Na wanaokuja kukutafuta usiku ni watu wa kujitolea, wameacha watoto wao wamelala, wala hawakutozi hata senti. Mwandishi angewauliza hao kwanza.