Mtaro uzibuliwe kuanzia chini

Wakazi mliowaandika katika habari yenu, waliotoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuzibua mtaro wa mtaa wao kabla ya masika, wanastahili pongezi. Kazi hii haina posho, lakini ndiyo inayozuia maji kuingia vyumbani. Naongeza ya kiufundi tu, maana nguvu nyingi za kujitolea hupotea bure.

Ndugu wakazi, anzeni pale mtaro unapomwaga, mpande kuelekea juu. Mkianzia juu, tope mnalolitibua linateremka na kuziba kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya njia. Na kalavati ndilo watu hulipita, kwa sababu jembe haliingii. Chukueni nondo ndefu iliyokunjwa ncha kama ndoana, mtu mmoja kila upande, mvute kwanza mifuko na matambara. Mchanga utafuata wenyewe kwa beleshi.

Kosa linaloniuma zaidi ni tope kuachwa ukingoni bila kuzolewa. Mvua moja tu, lote limerudi ndani! Liacheni lichuje maji siku moja au mbili, kisha litiwe kwenye viroba, nusu tu, kwani kiroba kilichojaa tope hupasuka kikinyanyuliwa. Toroli na mahali pa kumwaga vipatikane kabla ya siku ya kazi.

Tafadhali, asiingie mtu na ndala. Mna vigae vya chupa, mna mkojo wa panya, na vijidudu vya homa ya mgunda vilivyomo kwenye mkojo huo, homa ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, hupenya kwenye michubuko. Gambuti zikiwa jozi nne, waingie wanne, wengine wabebe viroba.