Ayurveda na jicho linalovimba kila mara

Aliyewahi kushikwa na uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, zaidi ya mara moja huishi kwa wasiwasi. Jicho linakuwa jekundu, mwanga unachoma, kuona kunaingia ukungu. Matone ya steroidi, dawa ya kuzima uvimbe, hutuliza, lakini yakitumika muda mrefu huleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Simlaumu hata kidogo anayeamua kujaribu Ayurveda, tiba ya jadi ya India.

Na Ayurveda si elimu ya jana. Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha India, kinataja magonjwa 76 ya macho. Tiba yake mashuhuri ni netra tarpana: unga wa choroko nyeusi hukandwa, ukazungushiwa jicho kama kingo, kisha samli vuguvugu iliyopikwa na mitishamba humiminwa humo mpaka kope zizame. Ila mapokeo yenyewe hukataza tarpana wakati dalili kali hazijatulia, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya bizari ya manjano. Mwaka 1999 watafiti wa India waliwapa wagonjwa wa uveitisi sugu kurkumini, kiini cha manjano, miligramu 375 mara tatu kwa siku kwa wiki 12. Waliomaliza walikuwa 32, na wengi walipata nafuu. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kwa baadhi yao ugonjwa ulirudi baadaye. Hapo ndipo penye mtego. Uveitisi huja na kuondoka, pengine ikakaa kimya miaka. Dawa yoyote iliyokuwa mkononi uvimbe ulipotulia hupewa sifa, hata kama haikufanya kitu.

Shambulio lenyewe halitaki subira. Duara la rangi linalozunguka mboni huweza kunata kwenye lenzi, ndiyo maana daktari huongeza matone ya kutanua mboni, kama atropini. Tena lazima chanzo kitafutwe: kifua kikuu, kaswende, kimelea cha toksoplasma, virusi vya malengelenge, au ugonjwa wa uti wa mgongo unaoambatana na jeni ya HLA-B27. Manjano hayatibu kaswende.

Usalama nao una mambo matatu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikuta madini ya risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizouzwa eneo la Boston. Mzizi wa susu, unaotumika sana, hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Chochote kisichotakaswa vijidudu hakifai kutiwa jichoni.

Kwa maoni yangu, nafasi ya Ayurveda ni kati ya shambulio na shambulio, daktari wa macho akijua kila kinachomezwa. Steroidi zipunguzwe taratibu kwa ratiba ya daktari huyo, na nafuu ipimwe kwa taa ya uchunguzi, inayoonyesha chembe za uvimbe hata pale mgonjwa anapojiona amepona.