Siku hizi simwahidi mtu nyotamkia

Desemba 2013, nikiwa Pangani, nilidamka saa kumi alfajiri siku tano mfululizo kuitafuta ISON upande wa baharini. Hiyo ni nyotamkia, bonge la barafu na vumbi linaloota mkia likikaribia Jua. Jirani yetu, mama wa vitumbua, alikuwa tayari anapepea mkaa. Siku ya tano uzalendo ukamshinda: "Baba Neema, umepoteza nini huko mbinguni?" Nikamwambia nangoja nyotamkia ya karne, kama vyombo vya habari vilivyoibatiza. Kumbe Novemba 28 ilishapita kando ya Jua na kusambaratika. Mimi nilikuwa nashikilia tetesi za kipande kilichosalia.

Tangu hapo nikisikia nyotamkia mpya inakuja, nauliza kwanza: imetoka wapi? (Wapo wanaoziita vimondo, kana kwamba zina undugu na lile bonge la chuma lililodondoka Mbozi kutoka angani. Hayo tuyaache.)

Chukua nyotamkia iitwayo 67P. Asili yake ni ukanda wa barafu ulio ng'ambo ya sayari ya Neptuni, na mvuto wa sayari ya Mshtarii (Jupita) umeivuta ndani mpaka sasa inalizunguka Jua kila baada ya miaka sita na nusu hivi. Rosetta, chombo cha anga cha Wazungu, kiliisindikiza kuanzia Agosti 2014 hadi Septemba 2016 na kutuonyesha kiini cheusi kama mkaa, kimevaa gamba la vumbi, gesi ikifoka hapa na pale. Mzoefu huyo. Ameshaunguzwa mara nyingi, na tabia zake zinajulikana.

ISON ilikuwa mgeni kutoka wingu la Oort, kundi la mabonge ya barafu linalouzingira mfumo wetu wa Jua, mbali maelfu ya mara kuliko umbali wetu na Jua, na ilikuwa safari yake ya kwanza huku ndani. Wageni wa namna hiyo huja na barafu laini, kama ya kaboni dayoksaidi, inayogeuka gesi hata kwenye baridi kali. Basi ISON ilianza kung'aa ikiwa bado mbali, watu wakapiga hesabu kwa mng'ao huo wa mapema, wakatuahidi makubwa.

Nyotamkia Lovejoy hakuna aliyeiahidi. Iligunduliwa mwishoni mwa Novemba 2011 na mpenzi wa nyota wa Australia, kipande cha nyotamkia kubwa iliyopasuka karne nyingi nyuma. Desemba 16 ilipita kilomita 140,000 tu juu ya uso wa Jua, wakati ISON ilifia umbali wa zaidi ya kilomita milioni moja. Lovejoy ikatokea upande wa pili, na Krismasi hiyo mkia wake ukatanda kwenye anga la kusini. Kiini chenyewe kilikuwa kimeshavunjika kama siku mbili baada ya kulipita Jua, mkia ukaendelea kuonekana.

Mwishoni mwa Septemba 2024 ilikuja Tsuchinshan-ATLAS, nayo ya Oort, na wapo waliokwisha kuitabiria kifo. Mimi nikalala zangu. Alfajiri moja umeme umekatika, nikasikia mlango unagongwa.

"Baba Neema, amka! Ile nyota yako imefika."

Vitumbua vya kwanza siku hiyo viliungua.