Treni ya Djibouti

Juzi matatu yetu ilikwama kwenye foleni Haile Selassie Avenue, karibu na Benki Kuu. Kijana aliyeketi mbele yangu akamwambia mwenzake: "Huyu mfalme si ndiye aliwatoroka watu wake Wataliano walipoingia? Na bado akapewa barabara!" Iliniuma, maana nusu ya aliyoyasema ni kweli.

Jeshi la Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, lilishindwa na Wataliano vitani Maychew. Alfajiri ya 2 Mei 1936 akapanda treni ya Djibouti, na siku tatu baadaye Badoglio, kamanda wa jeshi la Italia, akaingia Addis Ababa. Wafalme wa kabla yake hawakuondoka: Tewodros alijiua Maqdala mwaka 1868 asishikwe na Waingereza, Yohannes IV akafa kwa risasi vitani Metemma mwaka 1889. Na waliobaki nyuma waliona moto. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kitaliano aliyewekwa Ethiopia, Wataliano waliua maelfu mjini kwa siku tatu.

Lakini angebaki ingekuwaje? Kufa, sawa, nakuelewa. Kinachonitisha ni kukamatwa akiwa hai. Machi 1939 Rais Emil Hácha wa Chekoslovakia, mzee mgonjwa, alikwenda Berlin, akakeshewa kwa vitisho kwamba Prague italipuliwa. Alizimia, akadungwa sindano, akazinduka, akatia saini kuikabidhi nchi yake kwa Hitler. Mussolini, kiongozi wa Italia, alipata mji, reli na ikulu ya Ethiopia. Saini ya mfalme hakuipata. Mimi hapo ndipo ninaposimama: mwenye kiti cha enzi alikuwa hai, tena nje ya mikono yao, na hakuna Mtaliano aliyeweza kusema amekabidhiwa.

Tarehe 30 Juni 1936 alipanda jukwaani Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, mtu mfupi mwenye joho jeusi. Waandishi wa Kitaliano wakampulizia filimbi. Alisimama kimya mpaka wakatolewa, kisha akahutubia kwa Kiamhari. Hakupewa kitu. Mwaka 1938 hata Uingereza, alikokuwa akiishi mjini Bath, iliutambua utawala wa Italia. Ila Italia ilipoingia vitani Juni 1940, London haikuhitaji kutafuta wa kumrudisha. Na wanajeshi wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, babu zetu walioitwa Keya, walipotoka Kenya wakapita Kismayu na Mogadishu hadi Addis Ababa Aprili 1941, ilikuwa vigumu zaidi kwa Waingereza kuigeuza Ethiopia koloni lao jingine. Mwenyewe aliingia mjini 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Badoglio aingie.

Kuna jambo moja ambalo kijana yule angenibana nalo nikakosa jibu. Belay Zeleke hakupanda treni. Alipigana na Wataliano Gojjam miaka yote ya uvamizi, na mwaka 1945 akanyongwa Addis Ababa chini ya utawala wa mfalme huyo huyo aliyerudi. Lawama yangu kwa Haile Selassie naiweka kwenye kitanzi kile. Kwenye treni siioni.