Dawa ya Malaria, Hedhi Isiyokuja na Fomu ya Ridhaa

Juni 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowashtua wengi. Waliwapa wanawake 19 wenye PCOS, yaani sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, vidonge vya dihydroartemisinini kwa wiki 12. Homoni za kiume zilishuka mwilini mwao, na 12 kati yao wakaanza kupata hedhi kwa mpangilio. Dihydroartemisinini ni dawa ya malaria. Kwa msomaji wa London hiyo ni habari ya maabara. Kwa mwanamke wa Kondele au Nyalenda, mitaa ya Kisumu, ni habari ya dukani, kwa sababu dawa za ukoo huo zinauzwa katika kila kemisti anayopita akienda sokoni Kibuye.

Ndiyo maana mjadala wa kujiunga na majaribio ya dawa za PCOS, ambao kwingine unaweza kuachiwa madaktari, huku kwetu kandokando ya ziwa unatuhusu kwa namna ya pekee.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa PCOS inawapata kati ya asilimia 6 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajapimwa wakaambiwa. Kwa vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, mwanamke anahesabiwa kuwa nayo akiwa na mawili kati ya haya matatu: mayai yasiyopevuka kwa mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zinazoonekana kwenye picha zikiwa na vifuko vingi. Mtaani hakuna vigezo. Kuna "huyu hazai", kuna chupa ya mitishamba, na kuna mkesha wa maombi. Mwanamke anaweza kufikisha miaka thelathini na mitano bila mtu yeyote kumweleza kwamba hedhi inayokaa miezi minne bila kuja ni jambo la kwenda hospitali, na kwamba mbali na suala la mtoto inamwongezea hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi.

Sasa mtu huyu akiombwa aingie kwenye utafiti, jibu la kwanza la jamaa zake linajulikana: sisi si panya wa maabara. Sitalicheka jibu hilo. Magharibi mwa Kenya kumefanyiwa utafiti kwa miongo mingi. Kuna KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian, kuna chanjo ya malaria iliyojaribiwa Siaya na Kombewa, kuna utafiti wa tohara ya wanaume uliofanyika Kisumu, na kuna vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi. Mtu aliyekulia hapa ana haki ya kuuliza kwa nini damu yake inatakiwa kila mara.

Lakini jibu hilo linasahau jambo moja. Mpaka leo mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa hata moja kwa ajili ya PCOS yenyewe. Metformini ni ya kisukari. Spironolaktoni ni ya moyo na presha. Letrozoli, ambayo mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaitanguliza kwa anayetafuta mimba, ilitengenezwa kwa saratani ya matiti. Tunajua kwamba inafaa kwa sababu wanawake 750 nchini Marekani walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapewe letrozoli na nusu klomifeni, dawa ya zamani ya kupevusha mayai. Matokeo yakatoka 2014, na waliojifungua walikuwa asilimia 27.5 upande wa letrozoli dhidi ya 19.1 upande wa klomifeni. Daktari wa Kisumu akiandika letrozoli leo, anaegemea saini za wanawake hao. Miili yao, vyakula vyao na uzito wao si lazima vifanane na vya mwanamke wa Ahero. Hata ndevu tu, wataalamu wanakubali kwamba kiwango cha kuziita dalili hutofautiana kati ya jamii na jamii. Tukikataa wote kusaini, tutaendelea kutibiwa kwa vipimo vya watu wengine.

Upande huo una nguvu, na mimi naegemea huko. Ila si kwa kila utafiti.

Tuurudie ule wa Shanghai. Haukuwa na kundi la kulinganisha, yaani wengine waliopewa plasebo, kidonge kisicho na dawa ndani. Wanawake 19 ni wachache, na hedhi ya mwenye PCOS hujirudia yenyewe wakati mwingine. Kwa hiyo jaribio kubwa zaidi linahitajika. Je, lifanyike hapa? Shirika la Afya Duniani limekuwa likipinga dawa za jamii ya artemisinini, ambamo dihydroartemisinini imo, kutumiwa peke yake bila kuunganishwa na dawa nyingine, kwa sababu vimelea vya malaria hujifunza kuistahimili. Ustahimilivu huo wa kiasi umeshathibitishwa Rwanda na Uganda, na Uganda ni kuvuka tu hapo Busia. Kumpa mwanamke wa Siaya dihydroartemisinini tupu kwa wiki 12, wakati vimelea vinaweza kuwa ndani ya damu yake, ni kumtibu yeye kwa gharama ambayo huenda ikalipwa na mtoto wa jirani. Fomu ya ridhaa, ile anayosaini mshiriki kukubali utafiti, haina mahali pa jirani kusaini. Utafiti wa namna hiyo uanze mahali pasipo na malaria.

Ubaya ni kwamba jaribio lenyewe linaweza kuanza bila mtafiti. Mtu anasoma habari kwenye simu, anakwenda kemisti, ananunua dawa ya malaria "ya kurudisha hedhi". Kinachouzwa huko kwa kawaida si dihydroartemisinini peke yake. Imechanganywa na piperakwini, na dozi yake ni ya siku tatu. Piperakwini huvuruga umeme wa moyo, na hakuna aliyeipanga imezwe kwa siku 84. Anayeogopa kuwa panya wa maabara ya chuo kikuu anageuka panya wa maabara isiyo na daktari, isiyo na kipimo cha moyo, na isiyoandika popote yaliyompata.

Kuna kikwazo kingine ambacho watetezi wa majaribio hukipitia harakaharaka. Tafiti nyingi za dawa mpya hudai mshiriki asishike mimba muda wote wa utafiti, kwa kuwa haijulikani dawa itamfanya nini mtoto tumboni. Wengine hutakiwa kwanza waache vidonge vya homoni kwa miezi kadhaa ili mwili usafike. Masharti haya ni ya busara. Lakini mwambie hivyo mwanamke aliyeolewa miaka minne, ambaye mama mkwe anahesabu miezi na kaka za mume wameanza kutaja mke wa pili. Yeye alikuja kutafuta mtoto, nanyi mnamwambia atumie kinga kwa mwaka mzima. Kwa huyu, utafiti wa kushusha homoni za kiume si mahali pake hata kama ni mzuri, na mwajiriwa wa utafiti mwenye utu anapaswa kumwambia hivyo siku ya kwanza, ampeleke kwa daktari wa wanawake kuulizia letrozoli. Msichana wa miaka ishirini na miwili anayesumbuliwa na ndevu na chunusi, asiye na haraka ya mimba, hesabu yake ni tofauti kabisa.

Wengi huingia kwenye utafiti kwa ajili ya vipimo. Picha ya ovari, sukari, homoni, vyote bila kulipa. Na sioni aibu yoyote hapo. Hata hivyo, Bondo kuna funzo lake. Utafiti ulioitwa FEM-PrEP, uliofanyika huko pia, ulisimamishwa Aprili 2011 baada ya kuonekana kwamba vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi havikuwakinga wanawake. Wengi wa washiriki walisema wanavimeza karibu kila siku, ila damu ilisema vingine: dawa ilipatikana kwa chini ya asilimia 40 yao. Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa wenza ambao mmoja wao ana virusi, ambao Kisumu ilishiriki, ulionyesha kwamba dawa hiyohiyo inakinga ikimezwa. Mtu akija kwa ajili ya vipimo na kuvitupa vidonge, anajidanganya yeye na kuwadanganya wanawake watakaosomewa matokeo. Bora aseme ameacha. Kuacha ni haki yake wakati wowote, na huduma yake ya kawaida hospitalini haipaswi kuguswa.

Kuhusu vibali sina mengi. Utafiti halali wa dawa unapitia kamati ya maadili, Bodi ya Dawa na Sumu na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ulizia namba za vibali hivyo kabla ya kusaini. Pasipo namba, ondoka. Nauli kurudishwa ni sawa. Ikiwa fedha ni nyingi kiasi kwamba mtu hasomi fomu, hapo pana shida, na katika mitaa yetu kiasi hicho si kikubwa.

Suala ambalo fomu nyingi hulizungukazunguka ni la baada ya utafiti. Tamko la Helsinki, kanuni za kimataifa za maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka mpango wa kuwapatia washiriki dawa iliyothibitika kuwafaa upangwe kabla jaribio halijaanza. PCOS haiponi, hudhibitiwa, na dawa ikiachwa hedhi inaweza kupotea tena. Kama dawa inayojaribiwa ni metformini, hofu ni ndogo, kwa sababu ipo katika hospitali za kaunti. Kama ni dawa mpya, "nani atanipa dawa utafiti ukiisha?" liwe swali la kwanza kabla ya kushika kalamu. Likiulizwa baadaye, mtafiti atasema ni la wizara, na wizara itasema ni la mtafiti.