Kliniki ya sofa na kiyoyozi: mgonjwa anatulia au anapumbazwa?

Kliniki za kibinafsi zinazofunguliwa Kisumu siku hizi hujinadi kwa sura: sofa laini, kuta za rangi ya maziwa, picha ya machweo ziwani, kiyoyozi kikivuma. Wapo wanaobeza. Mgonjwa hanywi rangi, wanasema. Famasia ikiwa tupu, picha itamfaa nini? Katika hospitali ya umma ambako jamaa hutumwa nje kununua glavu na sindano, huwezi kuwalaumu.

Hata hivyo, mazingira yana kazi yake. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani karibu siku moja mapema, na dawa kali za maumivu walizitumia kidogo. Watu 46 ni wachache, nami singejenga sera juu yao peke yao. Lakini angalieni kilichowatofautisha: dirisha, wala si sofa.

Hapo ndipo mtindo wa sasa unaponitia shaka. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Hupoza ileile iliyomo chumbani na kuirudisha. Madirisha yakifungwa ili ubaridi usitoroke, anayekohoa kifua kikuu anawagawia wote waliokaa foleni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu hewa ya asili unataka wodi ya kawaida ipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Joto la Kisumu la saa nane mchana linachosha, sikatai, ila dari ya juu, baraza pana na madirisha yanayokabiliana hulipunguza bila kumfungia mtu na kikohozi cha jirani. Hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa 2011, ilipanga vitanda vya wodi vikiegemea ukuta mfupi wa katikati, mgonjwa akitazama nje.

Sofa za kitambaa nazo hunywa jasho na matapishi. Benchi la rekisini, ile ngozi bandia, hupanguswa kwa dawa na kazi ikaisha. Hata ile rangi ya mafuta ya kijani inayofika mabegani kwenye kuta za hospitali za serikali, ambayo binafsi naiona mbaya, inaoshwa.

Dirisha wazi nalo lina gharama. Linaingiza mbu, na huku ni ukanda wa malaria. Ukiweka wavu, vumbi huuziba na upepo unapungua, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuusugua. Linaingiza pia honi za bodaboda. Kwenye kiwanja kidogo cha mjini, ningeweka mapokezi na famasia upande wa barabara, vitanda nyuma, halafu zile pesa za sofa zinunue mapazia ya kutenganisha vitanda, ili mama anayepimwa asitazamwe na wodi nzima.