Herufi nene za mlazo: zinafaa wapi, zinachosha wapi

Aina ya herufi iitwayo Futura ilipotoka mwaka 1927, kazi ya msanifu Mjerumani Paul Renner iliyouzwa na kiwanda cha herufi cha Bauer cha Frankfurt, sifa yake ilikuwa utulivu: duara, mstari ulionyooka, ncha zisizo na vijimkia. Ukizinenepesha herufi hizo na kuzilaza kuelekea mbele, utulivu unatoweka. Neno linakuwa kama mtu aliyeanza kukimbia.

Barbara Kruger, msanii wa Marekani aliyewahi kusanifu kurasa za majarida, aliijua nguvu hiyo. Aliweka maneno machache meupe juu ya mkanda mwekundu, nyuma yake picha isiyo na rangi. Bango lake la mwaka 1989, la maandamano ya haki za wanawake mjini Washington, linasomeka kabla hujaamua kulisoma. Ndiyo hoja kubwa ya wanaozipenda herufi hizi, nami naikubali: katikati ya mabango yaliyosimama wima, linaloinama hukamata jicho.

Ila jicho linakamatwa kwa sababu ya majirani. Mwaka 1501 mchapaji Aldus Manutius wa Venice alichapa kitabu kizima cha Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa herufi za mlazo, na hazikuwa zikisisitiza chochote. Ndizo zilikuwa herufi za kusomea. Msisitizo ulikuja pale neno moja lilipolazwa kati ya mengine yaliyosimama. Kipeperushi kilicholazwa chote, kuanzia kichwa hadi namba ya simu, hakina neno lililo juu ya jingine.

Kwetu kuna shida nyingine, ambayo naona wasanifu wengi hawaipi uzito. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Andika HAWATATUNYANG'ANYA kwa herufi nene zilizolala: matundu ya A yanazibwa, kibainishi cha ng' kinabanwa na G, na kwa mbali unaona ukuta mweusi. Neno fupi kama SASA au HAKI halipati taabu hiyo.

Tena, tunao mfano wetu wa maneno makali ndani ya kisanduku: jina la kanga. Kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba halisikiki. Ukali uko kwenye maneno, na kisanduku kinayapa nafasi ya kupumua.

Kuna pia suala la maana. Mwaka 1994 duka la nguo la Supreme lilifunguliwa New York, nembo yake ikiwa Futura nyeupe iliyolala kwenye kisanduku chekundu. Leo kijana akiona muundo huo huenda akafikiria fulana kabla ya maandamano. Kwa tangazo la viatu au mbio za mtaani, sawa kabisa. Kwa bango la kudai maji au ardhi, ningelaza neno moja fupi tu, na mengine yote ningeyasimamisha.